Mvinyo wa Machi, mvinyo wa Septemba

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Ufaransa au Italia hawezi kufanya hivyo hata akitaka, maana kwake baridi kali huingia, mzabibu ukapukutisha majani na kulala miezi kadhaa, kisha ukaamka, ukazaa mara moja, mwaka ukaisha. Huku kwetu, nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, baridi ya namna hiyo haipo. Anayeulaza mzabibu ni mkulima, kwa kuunyima maji, na anayeuamsha ni yeye huyo huyo, kwa mkasi wa kupogolea. Siku anayokata matawi ndiyo siku msimu unapoanza. Kuanzia hapo huhesabu miezi minne na ushee, akavuna.

Kwa hiyo upo mvinyo wa zabibu za Machi na upo mvinyo wa zabibu za Septemba, na anayeijua ladha ya mmoja hajaijua bado ladha ya mwingine. Naishi Dodoma, nanywa mvinyo wa Dodoma, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiunywa kwa kufuata misimu yake. Jambo moja linaniuma: chupa haisemi. Unaishika mkononi, unasoma jina la kampuni, kiwango cha kilevi, nembo ya ubora, neno "Dodoma" kwa maandishi makubwa. Zilivunwa lini? Kijiji gani? Kimya. Nimeandika makala haya kwa sababu ya kimya hicho.

Tuanze na nchi yenyewe. Dodoma imekaa kwenye mwinuko wa kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni haba, milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufunga. Mwezi Juni na Julai upepo huvuma mchana kutwa, vumbi jekundu huingia hadi kwenye kabati la vyombo, na usiku watu hulala na mablanketi. Oktoba joto hupanda, mibuyu imesimama mitupu, kila mtu anatazama mawingu. Mgeni akishuka stendi huiona nchi kavu na kuihurumia. Mzabibu hauihurumii hata kidogo. Unataka jua jingi, udongo usiotuamisha maji, hewa kavu isiyolea ukungu, na usiku wa baridi unaouzuia uchachu wa tunda usipotee wakati mchana sukari inapanda. Hayo yote yako hapa.

Walioligundua hilo walikuwa wamisionari wa Kikatoliki. Walihitaji divai ya misa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mizabibu ilipandwa Bihawana, kusini mwa mji. Kutoka kwenye mashamba ya misheni vipandikizi vilihamia kwa wanakijiji, na leo ukitaja zabibu unataja Mpunguzi, Mbabala, Mvumi, Hombolo, Veyula, Makutupora. Hapo Makutupora pana kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na aina nyekundu iliyoshika zaidi mkoani inaitwa kwa jina la mahali hapo: Makutupora Nyekundu. Kwa mvinyo mweupe wakulima wengi wana Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Syrah ipo pia. Zipo na za kula mezani, zile zinazouzwa kwa ndoo barabarani na stendi, lakini hizo ni habari nyingine.

Msimu ninaoupenda kuliko wote ni ule wa kiangazi, kwa hiyo nauanza huo.

Mvua zikikatika, Aprili au Mei, wakulima huingia shambani na mikasi. Kwa mtu asiyezoea, kupogolea kunatisha. Mzabibu uliokuwa umejaa majani unabaki kigogo na vijiti vifupi, kila kijiti na macho mawili matatu, na chini kumelala lundo la matawi ya kijani. Mama mmoja wa Mpunguzi, ambaye nimezoea kumtembelea, hufanya kazi hiyo peke yake kwenye ekari yake moja kwa sababu hamwamini kijana yeyote na mkasi. Nikifika namwamkia, "Mbukwenyi, mama," anaitikia "Mbukwa," halafu ananionyesha tawi na kuniuliza angekata wapi. Sijui kwa nini ananiuliza wakati ameshakata. Nadhani anataka nione anachokiona yeye: jicho lipi litatoa kishada na lipi litatoa majani matupu.

"Ukiacha macho mengi, zabibu nyingi," aliniambia. "Lakini hazitakuwa na sukari. Mti mmoja hauwezi kuwalisha watoto wote hao."

Baada ya kukata, samadi ya ng'ombe inaingia kwenye mitaro na maji yanafunguliwa. Maji ndiyo gharama. Wengine wana visima virefu, wengine wananunua, na visima vingine huku maji yake yana chumvi. Chinangali, wilayani Chamwino, lipo shamba la pamoja linalomwagilia kwa matone, mpira umelazwa kila mstari na kila shina linapata chake. Mama wa Mpunguzi anamwagilia kwa mpira wa mkono, mstari kwa mstari, jioni. Katika wiki ya pili macho huvimba na kufunguka. Halafu maua, madogo mno, ambayo ukipita haraka huyaoni, ingawa ukisimama unaipata harufu yake. Halafu punje za kijani ngumu kama risasi. Kisha, Julai ikiwa inaishia, zinaanza kugeuka rangi, na hapo kazi inakuwa moja: kulinda. Ndege wanazijua zabibu kabla hazijaiva. Mchwa nao hawapumziki. Wanapanda nguzo za miti zinazoshikilia waya, na ukizubaa wanahamia kwenye shina lenyewe.

Mavuno ya Agosti na Septemba huja wakati hakuna mvua kabisa. Ngozi ya zabibu imekuwa nene, maji ndani ni machache, sukari nyingi. Mkulima anaweza kusubiri wiki moja zaidi bila kuogopa chochote, na wiki hiyo moja ndiyo inayoleta tofauti. Mvinyo mwekundu unaotoka hapo una rangi iliyokolea, una ukakasi unaoushika ulimi pembeni, una harufu ya matunda yaliyoiva hadi kukaribia kukauka. Nikiupata wa mtengenezaji mzuri, siuongezei chochote, wala siuwekei barafu.

Mavuno ya masika ni vita. Mkasi umepita Oktoba au Novemba, mti umechipua, na kabla vishada havijakaa sawa mvua imeanza. Unyevu ukikaa shambani siku mbili, ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, unaingia: ubwiri unga, ule wa kama vumbi jeupe, na ubwiri vinyoya, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu unaweza kulimaliza shamba zima ukiwa unaliangalia. Wakulima wanapuliza dawa, mvua inaisafisha, wanapuliza tena. Pesa ya dawa inatoka mfukoni kabla ya senti ya zabibu kuingia. Februari na Machi zikifika, zabibu zimenywa maji, nyingine zimepasuka, na mkulima hana nafasi ya kusubiri. "Mvua ikinikuta na vishada vimeiva, silali," alisema mama yule, na nilipomtazama macho nilijua hasemi kwa kutia chumvi.

Wapo wanaosema mavuno hayo hayafai kwa mvinyo, yauzwe sokoni tu. Mimi sikubaliani nao. Zabibu za Machi zina sukari kidogo na uchachu mwingi, na hiyo kwa mvinyo mweupe ni heri. Chenin Blanc ina sifa ya kutunza uchachu hata kwenye nchi za joto, na ikivunwa wakati wa mvua, kabla haijaiva kupita kiasi, inatoa mvinyo mwepesi, unaochangamsha kinywa, wenye harufu ya tufaha bichi na majani yaliyokatwa. Kilevi chake ni kidogo. Huo ndio mvinyo wa kunywa mchana na chakula na bado ukaweza kurudi kazini. Kuulazimisha uwe mzito kwa kumwaga sukari ya dukani kwenye pipa ni kuuharibia jina.

Hapa nieleze kidogo jambo la sukari, kwa sababu ndilo linalotenganisha misimu hii miwili kwa hesabu kabisa. Hamira hula sukari iliyo kwenye mchuzi wa zabibu na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Mchuzi wenye gramu 220 kwa lita utakupa mvinyo wa asilimia 13 hivi; wenye gramu 170 utakupa asilimia 10. Tofauti hiyo haitokani na ufundi wa kiwandani. Imetokana na mawingu, na uamuzi wa mtu aliyeshika mkasi miezi minne kabla.

Watengenezaji nao hawalingani. Vipo viwanda vyenye matenki marefu ya chuma kisichoshika kutu, yenye mitambo ya kupoza, na wapo watu wanaosindika nyuma ya nyumba zao. Nimekaa zaidi na hawa wa pili. Kuna dada mmoja upande wa Veyula, mwalimu wa zamani, ambaye alijifunza usindikaji kwenye mafunzo ya wajasiriamali na sasa ana mapipa yake ya plastiki ndani ya chumba chenye sakafu ya saruji inayooshwa kila siku. Kila siku, nasisitiza. Anasema nusu ya kazi ya mvinyo ni kuosha.

Kwa mvinyo mwekundu, zabibu zinafika alfajiri zikiwa bado na ubaridi wa usiku. Wanawake wanne watano wanakaa kwenye vigoda, wanachambua punje kutoka kwenye vikonyo, maana vikonyo vinaleta uchungu. Punje zinapondwa na kuingia kwenye pipa na maganda yake, kwa kuwa rangi na ukakasi vimo kwenye ganda; mchuzi wenyewe wa zabibu nyekundu nyingi ni karibu mweupe. Hamira ikishaanza, maganda yanapanda juu na kutengeneza tabaka nene. Asubuhi, mchana na jioni dada yule analisukuma chini kwa mwiko mrefu wa mti, wa aina ile ya kusongea ugali wa shughuli. Asipofanya hivyo maganda yanakauka, yanapata joto, na siki inaanzia hapo. Ukiweka sikio karibu na pipa unasikia linachemka bila moto. Baada ya kama wiki moja anakamua, anahamishia kwenye chombo kilichofungwa, na mrija mwembamba unapeleka hewa kwenye chupa ya maji ambako mapovu yanatoka moja moja. Yakikoma, anahamisha tena kuacha mashapo chini. Kisha anasubiri.

Mweupe unamtesa zaidi. Huo unakamuliwa kwanza, maganda yanatupwa, na mchuzi mtupu unachachuka polepole kwenye ubaridi. Ukipata joto, harufu yote inaruka. Kiwanda kikubwa kinabonyeza kitufe. Yeye anagandisha chupa za maji kwenye friji la jirani na kuzitumbukiza ndani ya beseni kubwa lililozunguka pipa, akibadilisha usiku na mchana. Umeme ukikatika usiku wa pili wa uchachushaji, hakuna anayelala katika nyumba ile. Ndiyo maana nikinunua chupa yake nyeupe ya mavuno ya Machi na mtu akaniambia ni ghali, sina la kubishana naye, naona tu hajui anachokiongelea.

Upande wa soko sitakaa sana, lakini siwezi kuuruka. Zabibu haisubiri. Ikiiva bila mnunuzi, inaozea shambani ndani ya siku chache, na wakulima wa Dodoma wameyaona hayo misimu mingi: mavuno mazuri, viwanda vimejaa, bei imeshuka, vishada vinaning'inia hadi vinakuwa chakula cha nyuki. Ndiyo sababu siku hizi wengi, mmoja mmoja au kwa vikundi, wanakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya zabibu, kwa kuwa mchuzi uliosindikwa unaweza kukaa. Sheria ya ushuru nayo inatoza kiwango kidogo zaidi mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 yake ni zabibu za hapa nchini, kiasi kwamba mwenye kiwanda ana sababu ya kumtafuta mkulima wa Mpunguzi. Hiyo ni hatua ya maana. Bado, mama yule anauza kwa kilo, kilo zake zinachanganywa na za watu wengine mia, za kijiji hiki na kile, na jina la shamba lake linaishia kwenye mizani.

Nimewahi kumwuliza kama anajua ladha ya mvinyo unaotoka kwenye zabibu zake. Akacheka, akasema hajawahi kuunywa, kwa kuwa hakuna anayejua umo kwenye chupa ipi.

Hilo lilinikaa. Mwaka uliofuata nilimwomba dada wa Veyula anunue kreti chache kwake peke yake, mavuno ya Septemba, azisindike pembeni bila kuchanganya. Alikubali. Mvinyo ulipotulia tulimpelekea chupa mbili. Alikunywa kidogo sana, akanyamaza, halafu akamwita mumewe kutoka zizini aje aonje. Mzee alionja, akaramba midomo, akasema: "Hii ni ile mistari ya juu, penye changarawe." Mama akakubali kwa kichwa. Sikuwa nimewaambia kwamba kreti zote zilitoka mistari ya juu. Watu hawa wamekula zabibu za kila mstari wa shamba lao mwaka baada ya mwaka. Wanaujua udongo wao kwa ulimi. Wataalamu wa nchi nyingine hulipwa pesa nyingi kwa ujuzi wa namna hiyo.

Sasa kuhusu kunywa. Kuna utaratibu mmoja nimeuzoea ambao naupenda kwa jinsi unavyogeuza mwaka. Mvinyo mwepesi unahitaji miezi michache tu tangu kuvuna hadi kuwa tayari. Kwa hiyo zabibu za mvua ya Machi nazinywa kwenye baridi ya Julai, na zabibu za jua la Septemba nazifungua mvua zinapokuwa zimerudi, Januari, bati linapigwa na maji juu ya kichwa. Kila wakati kwenye glasi kuna hali ya hewa ya upande wa pili wa mwaka.

Kipupwe, Jumamosi, watu wa Dodoma wanakwenda mnadani Msalato. Huko mbuzi anachomwa mbele yako, anakatwakatwa juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni. Wengi huteremsha kwa bia. Mimi nabeba chupa ya nyekundu, hasa Makutupora ya mavuno ya kiangazi iliyopumzika karibu mwaka mzima, kwa sababu ukakasi wake unakata mafuta ya mbuzi na moshi unaiamsha harufu yake. Nyumbani, mlenda na ugali wa uwele vinapatana vizuri na nyeupe chachu. Sijaona hoteli inayowaandalia wageni hivyo, na inapaswa. Oktoba, joto la kukata pumzi, ni Chenin iliyopoa sana na samaki wa kukaanga wa Mtera. Krismasi ni Dompo, ule mvinyo mtamu mzito ambao Watanzania wengi walianza nao, na ambao wajuaji wa siku hizi wanaudharau. Siwaungi mkono. Umefungisha ndoa nyingi na kubariki vipaimara vingi, na glasi ndogo baada ya chakula, na karanga za kukaanga, ni kitu kizuri.

Wasomaji wangu wasiokunywa kilevi, nanyi misimu hii inawahusu. Zabibu za mezani zinafuata mkasi ule ule. Za Septemba ni tamu zaidi. Za Machi zioshe vizuri kwa ajili ya dawa, na usizilaze hadi kesho.

Kuna watu wengi wapya Dodoma. Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016 mji ulipanuka hadi mashamba ya zamani yakawa viwanja, na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 mtu wa Dar es Salaam anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni akiwa na chupa kwenye begi. Wateja wapo. Wanachouliza hotelini ni "mna wa Afrika Kusini?" kwa sababu ule wa Afrika Kusini umewaambia mwaka wake, bonde lake na jina la aliyeutengeneza, na wa kwetu haujawaambia kitu.

Kwa watengenezaji, basi, ombi langu ni la maneno machache ya kuongeza kwenye karatasi ya chupa: aina ya zabibu, mwezi na mwaka wa mavuno, na kijiji. Mwezi ni lazima, kwa sababu kwetu mwaka peke yake hautoshi. Machi na Septemba za mwaka mmoja ni vitu viwili. Anayechanganya misimu aseme amechanganya, si dhambi. Na kwa wanywaji: mnapofika kaunta, kabla ya bei, ulizeni zabibu zilivunwa lini. Muuzaji asipojua, mwambieni apige simu kiwandani. Dada wa Veyula ameshaanza. Chupa zake za msimu huu zina mstari ulioandikwa kwa kalamu, "Mpunguzi, Septemba", na mwaka pembeni.